New York ni ya Selfi, Houston ni ya Keja, Chicago Je? Rada Kamili ya Miji Mikubwa ya Marekani

Uliza wasee watano wako Marekani ni mji upi uko fiti na utapata majibu sita. Wa Dallas atakwambia New York ni panya na kelele tu. Wa New York atakwambia Dallas ni barabara na parking. Wa Minnesota hatajibu haraka, bado anatafuta glavu. Na hakuna anayedanganya, ni vile kila mtu anajibu swali lake. Kuna mji wa kutembea na kupiga picha, na kuna mji wa kulipa kodi ya nyumba na ubaki na kitu mfukoni. Ni mara chache sana iwe ni mji mmoja.

Kabla hujaanza kuangalia maghorofa na bichi, kuna swali moja linalotenganisha hii miji kuliko mengine yote: unaeza kuishi hapo bila gari?

Mkenya anaeza fikiri hilo ni swali la raha. Si hivyo. Huko kuna miji mikubwa ambapo hakuna matatu, hakuna boda, basi inapita kila baada ya nusu saa, na duka la karibu liko kilomita tatu mbele ya barabara isiyo na njia ya miguu. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, hupiga hesabu kila mwaka ya gharama ya kuwa na gari jipya. Ukijumlisha riba ya mkopo, bima, mafuta, service na vile gari linashuka bei, inapita dola 11,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 12, ni zaidi ya dola 900 kila mwezi. Ndai iliyotumika itakupunguzia, lakini bima haina huruma, hasa kama wewe ni mgeni na hauna rekodi yoyote ya kuendesha huko. Kwa hivyo keja ya dola 1,300 mahali gari ni lazima, si keja ya dola 1,300. Ni ya 2,200.

Shika hiyo hesabu, tutairudia.

New York: mji wa kila mtu, keja ya wachache

Hii ndiyo baba yao kwa watu. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 8.8, zaidi ya mara mbili ya Los Angeles inayofuata. Treni za chini ya ardhi zilianza 1904, zina stesheni 472, na zinatembea masaa 24. Nauli ni kama dola 3, haijalishi unashuka stesheni inayofuata ama unavuka mji mzima. Ukitumia kadi ama simu ile ile kulipa, ukifikisha dola 35 hivi ndani ya siku saba, safari zingine za hiyo wiki ni bure. Dere hakuongezei nauli juu mvua imenyesha.

Kwa mgeni, hakuna mji unaushinda. Na siri ambayo wauzaji wa tiketi hawapendi ujue ni kwamba vitu vingi vizuri vya New York ni bure. Feri ya kwenda Staten Island hailipishwi hata senti, na inapita mbele ya ile Sanamu ya Uhuru karibu kabisa ya kupiga picha poa. Kuvuka daraja la Brooklyn kwa miguu, daraja la tangu 1883, ni bure. Central Park ni ekari 843. Ukitaka kupima kwa macho ya Nairobi, ni kama theluthi moja ya msitu wa Karura, lakini imezungukwa na maghorofa ya mabilionea. Times Square nayo pitia dakika 20 usiku, piga picha, toka. Msee amevaa kama Spider-Man akikukumbatia, anataka pesa.

Shida inaanza ukiamua kubaki. Manhattan, kodi ya kati kwa mwezi imeshapita dola 4,000. Watu wengi wa kawaida wanaishi Bronx, Queens ama Brooklyn ya ndani, na wanaishi wawili, watatu kwa keja moja. Halafu wenye nyumba wengi wana sheria yao: mapato yako ya mwaka lazima yawe mara 40 ya kodi ya mwezi. Keja ya dola 2,500? Onyesha kwamba unapata dola 100,000 kwa mwaka, ama utafute mtu wa kukudhamini. Mgeni aliyefika juzi na hana historia ya mkopo anagonga ukuta hapo hapo. Ndio maana wengi huanzia kwa sofa ya cousin.

Kuna afueni kidogo. Tangu 2019, sheria ya jimbo inakataza mwenye nyumba kuchukua deposit ya zaidi ya mwezi mmoja. Na tangu Juni 2025, ajenti aliyeletwa na mwenye nyumba analipwa na mwenye nyumba, si wewe. Zamani mpangaji alikuwa anaachia hapo maelfu ya dola kabla hata hajapewa funguo. Lakini pia kumbuka New York inakata mshahara mara tatu: serikali kuu, jimbo, halafu mji wenyewe.

Pamoja na hayo yote, hauhitaji gari. Hizo dola 900 zinarudi kwako. Ndio maana nurse anayeishi Bronx na roommate mmoja anaeza kuwa anasevu kuliko boyz wa Texas mwenye keja kubwa na Dodge ya mkopo.

Houston (na Dallas nyuma yake)

Kwa Wakenya wengi wanaoenda kuomoka, Texas ndiyo imekuwa chaguo, na unaelewa mbona. Jimbo halikati ushuru kwa mshahara. Keja ya chumba kimoja Houston bado unaipata chini ya dola 1,500, wakati mwingine na swimming pool pale nje. Texas Medical Center, kubwa kuliko kituo kingine chochote cha hospitali duniani, iko hapo, na kazi za afya haziishi. Dallas nako Wakenya wamejaa mpaka kupata nyama choma na ugali Jumamosi si story kubwa.

Sasa ukubwa. Houston ni kama kilomita mraba 1,650. Nairobi ni 696. Yaani Houston ni zaidi ya mara mbili ya Nairobi, lakini watu wake ni milioni 2.3, karibu nusu ya wale milioni 4.4 waliohesabiwa Nairobi 2019. Kila kitu kimetawanyika. Kanisa huku, kazi kule, rafiki yako dakika 50 na hamjatoka mjini. Barabara yao ya Katy inafika leni 26 ukihesabu zile za pembeni, na bado jioni kuna jam. Mtu anayelalamika Thika Road aende aone.

Bila gari Houston, wewe ni mfungwa aliye na AC. Si kuchocha. Mabasi yapo na treni ndogo ipo, lakini zinakufaa tu kama keja yako na kazi yako zimeangukia kwa laini.

Kitu kingine watu hawaambiwi ni maji. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilimwaga mvua iliyopita milimita 1,000 sehemu za Houston kwa siku chache tu, na mitaa mizima ikawa ziwa. Julai 2024 kikaja Beryl, stima ikapotea kwa wateja zaidi ya milioni 2, wengine kwa zaidi ya wiki, kwa joto la kutoa mtu roho. Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, uliza kama hiyo mitaa iliwahi kufurika. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na ile ya mpangaji pia hailipi.

Kutembea? Siku mbili zinatosha. Space Center Houston ni ya maana, utaona roketi ya enzi za kwenda mwezini ukiwa umesimama kando yake. Makumbusho yako poa, chakula ni kitamu sana (Wanigeria wamejaza mji, jollof haikosi). Baada ya hapo utakuwa unazunguka ukitafuta cha kufanya.

Jambo moja kwa wale wa hospitali, ju hili linapotezea watu miezi. Majimbo mengi yameungana kwa mkataba wa leseni za nurse: ukiwa mkazi wa jimbo moja na una leseni ya mkataba, unafanya kazi katika mengine bila kuomba upya. Texas imo. Georgia, Maryland na jimbo la Washington zimo. New York, California, Illinois na Minnesota haziko. Kwa hivyo nurse akihama Houston kwenda Atlanta, anaanza kazi akiwa anashughulikia makaratasi. Akihama Houston kwenda Los Angeles, anaomba leseni mpya na kungoja. Uamuzi wa mji kwa nurse unaanzia hapo, bichi baadaye.

Chicago: mji unaodharauliwa bure

Ukiniuliza mimi ni mji upi mkubwa wa Marekani unakupa mambo ya New York bila bei ya New York, nitasema Chicago na sitababaika. Watu milioni 2.7. Treni zinazopita juu ya barabara tangu 1892, na laini mbili kati yake, Red na Blue, zinatembea usiku kucha. Ukishuka O'Hare unaingia Blue Line hapo hapo, dakika 45 uko katikati ya mji, hauhitaji teksi. Kodi ya nyumba iko chini sana ya Manhattan, na ukisonga stesheni kadhaa kutoka mjini inashuka tena.

Halafu kuna ziwa. Mtu ambaye hajafika hudhani Michigan ni kama Naivasha. Ukisimama ufuoni hauoni ng'ambo, ni bahari isiyo na chumvi. Mji uliamua zamani kwamba ufuo ni wa kila mtu, kwa hivyo badala ya mahoteli yaliyojifungia, kuna njia ya kutembea na baiskeli ya kama kilomita 29 na bichi za umma, bila kiingilio. Mbuga ya wanyama ya Lincoln Park, bure. Millennium Park na lile harage la chuma ambalo kila mtu anapiga nalo picha, bure. Ghorofa la Willis lina mita 442, kupanda juu unalipa, lakini view hiyo unaeza kuipata pia kwa boti ya mtoni ukisikiliza historia ya kila jengo.

Wakenya tuna damu yetu hapo pia. Oktoba 8, 2023, marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathon ya Chicago kwa 2:00:35, rekodi ya dunia. Njia ni tambarare na hewa ya Oktoba ni baridi kiasi, ndio maana rekodi huvunjwa hapo. Ukipanga safari, hiyo wikendi ya Oktoba ndiyo tamu, ila hoteli hupanda bei. Na Obama, kituo chake cha urais kimejengwa Jackson Park, upande wa South Side alikoanzia siasa.

Ubaya wake? Wa kwanza ni baridi. Januari 2019 ilifika digrii 31 chini ya sifuri. Hiyo si baridi ya Limuru ya kuongeza sweta. Nyusi zinaganda. Wa pili ni uhalifu, na hapa watu huongea vibaya. Risasi zinazotangazwa kwa habari zimejikusanya kwa mitaa fulani ya kusini na magharibi, na mgeni anayezunguka katikati ya mji na kaskazini anaeza kukaa mwezi asione chochote. Lakini ukitafuta keja ya bei rahisi sana kwa mtandao bila kuuliza, hiyo bei inaweza kuwa inakwambia kitu. Piga simu kwa mtu anayeishi huko kwanza.

Los Angeles: uzuri wa kuonekana kwa dirisha la gari

Tuseme ukweli, Hollywood Boulevard huvunja watu moyo. Nyota ziko sakafuni, ni kweli, lakini juu yake ni maduka ya zawadi na wasee wa hasla. LA ya maana iko kwingine. Panda Griffith Observatory jioni, kuingia ni bure tangu ifunguliwe 1935, na kutoka hapo unaona ile sanamu ya herufi za Hollywood upande mmoja na taa za mji mzima upande mwingine. Getty Center ina michoro ya mabilioni na kiingilio ni bure, wanakulipisha parking. Hiyo ndiyo LA kwa sentensi moja. Bichi za Santa Monica na Venice ni za umma, jua karibu mwaka mzima.

Kuishi ni kitu kingine. Kodi ya nyumba inakaribia ya New York, na gari bado ni lazima kwa wengi. Yaani unalipa pande zote mbili. Treni wameanza kuzijenga upya tangu 1990 na zinaongezeka, hasa wakijiandaa na Olimpiki ya 2028, lakini mji umesambaa sana. Januari 2025 moto uliteketeza zaidi ya majengo 16,000 upande wa Palisades na Altadena, na watu waliopoteza nyumba wakaingia soko la kodi pamoja na kila mtu mwingine. Olimpiki ya 2028 itakuwa ya tatu kwa LA. Ile ya 1984 Julius Korir alitubebea dhahabu ya kuruka viunzi na maji mita 3,000.

Washington DC: bure mpaka unashangaa

Kwa mgeni mwenye bajeti ndogo, hakuna mji kama huu. Makumbusho ya Smithsonian yote hayana kiingilio. Ndege ya kwanza ya ndugu Wright, almasi, mifupa ya dinosaria, na ile ya historia ya Wamarekani weusi iliyofunguliwa 2016, ambayo inahitaji siku nzima na moyo mgumu ukishuka ghorofa za chini kwenye historia ya utumwa. Mbuga ya wanyama nayo ni ya Smithsonian, kwa hivyo bure. Sanamu ya Lincoln na ya Martin Luther King unazitembelea hata saa nne usiku. Treni ni safi. Sheria ya 1910 iliwekea maghorofa kikomo cha urefu, ndio maana unaona mbingu.

Kuishi katikati ya DC ni ghali, na Wakenya wengi wako ng'ambo ya mpaka, Maryland.

Wengine kwa haraka

Seattle inalipa vizuri. Kima cha chini cha mshahara kilipita dola 20 kwa saa mwaka 2025, wakati Texas na Georgia kwa kazi nyingi bado zinafuata kile cha serikali kuu, dola 7.25, ambacho hakijasonga tangu 2009 (waajiri wengi hulipa zaidi, lakini sheria haiwalazimishi). Jimbo halikati ushuru wa mshahara pia. Ila Amazon na Microsoft wamepandisha kodi za nyumba mbaya. Na ile story ya mvua, kwa mwaka New York hupata mvua nyingi kuliko Seattle. Ya Seattle ni manyunyu yasiyoisha, kama Julai ya Nairobi iliyokataa kuondoka.

Atlanta ina treni inayoingia ndani ya uwanja wa ndege, nyumba alipozaliwa Martin Luther King, na ndipo sehemu kubwa ya Black Panther ya Lupita ilirekodiwa. Ukitoka nje ya laini ya treni, gari ni lazima, na jam yao ni noma.

Minneapolis watu huicheka kwa baridi, na baridi ni ya kweli. Mji umejenga njia za juu zilizofunikwa, kama kilomita 15, za kutembea kutoka jengo hadi jengo bila kutoka nje. Lakini kwa familia, bustani na maziwa yaliyo ndani ya mji ni kati ya bora Marekani, Waswahili wa kutoka Afrika Mashariki na Wasomali wako wengi, na nguo hazitozwi ushuru wa mauzo. Mall of America iko dakika chache kwa treni kutoka uwanja wa ndege. Nunua jaketi hapo.

Phoenix nimeiwacha makusudi. Mwaka 2023 ilikaa siku 31 mfululizo na joto la digrii 43 ama zaidi.

Kama unaenda tu kutembea

Ada ya viza ya utalii ni dola 185 na hairudishwi ukinyimwa, kwa hivyo usikate tiketi kwanza. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi JFK, iliyoanza Oktoba 2018, ni kama masaa 15. Ukiwa na siku 10, kaa tano New York, halafu chukua treni ya Amtrak hadi Washington, masaa matatu na nusu hivi, ama basi ambalo mara nyingi ni rahisi zaidi. Siku zote 10 hautagusa usukani. Ukitaka kuongeza Los Angeles, jua ni masaa karibu sita ya ndege kutoka New York, na utahitaji kukodi gari, pamoja na bima na parking ya hoteli, ambayo wengi hulipisha kwa usiku.

Na bei unayoona kwa menyu ama kwa rafu siyo utakayolipa. Ushuru wa mauzo huongezwa kwa kaunta, na mkahawani mhudumu anatarajia asilimia 18 hadi 20 juu yake. Chakula cha dola 20 kinafika dola 25 kabla hujainuka.